Sumo ya ridhaa nje ya Japani: mwanamieleka wa Uganda achague mashindano yapi?

Vijana ninaowafundisha mieleka hapa Bombo wamekuwa wakinijia mmoja baada ya mwingine, simu mkononi, wakinionyesha video za watu wanaosukumana ndani ya duara huko Poland, Marekani na Mongolia, kisha wananiuliza kama nao wanaweza kwenda. Huwajibu kwamba wanaweza, kwa kuwa sumo ya ridhaa, yaani mieleka ya Kijapani isiyo ya kulipwa, iko wazi kwa watu wa mataifa yote, wanaume kwa wanawake, wazito kwa wepesi. Swali gumu ni lile linalofuata, yaani waende wapi kwanza. Mashindano ni ya aina kadhaa, kila aina ina mlango wake, gharama zake na mchezaji anayeifaa, na kijana akikosea kuchagua anaweza kuuza ng'ombe wa babake, akasafiri siku mbili, akapigana sekunde nne na kurudi nyumbani bila kulipata alilolifuata.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wachezaji, makocha wenzangu na wazazi wanaosoma Kiswahili, wawe Bombo, Arua, Jinja au makambini. Kipimo ninachotumia ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: mchezaji atapata mapambano mangapi ya kweli, dhidi ya watu wa uzito wake, kwa fedha na muda atakaoutoa. Ukubwa wa jina la mashindano nauweka nyuma ya hilo, na nitaeleza kwa nini.

Ekigwo hukupa nusu ya safari

Aliyekulia katika ekigwo, mieleka ya jadi ya huko vijijini Buganda, au aliyewahi kuingia kwenye mieleka ya tope inayochezwa siku hizi Mukono, anakuja na nusu ya sumo tayari mwilini. Anajua kushika, kunyanyua, kuchota mguu na kumlaza mtu chali. Sheria za sumo zenyewe ni fupi. Anayeshindwa ni yule anayegusa ardhi kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo, au anayekanyaga nje ya duara kabla ya mwenzake. Duara lina kipenyo cha mita 4.55, na katikati kuna mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 70, ambayo wapinzani huchuchumaa nyuma yake na kuweka mikono chini kabla ya kurukiana. Hakuna pointi, hakuna raundi, wala hakuna kumbana mtu chini mpaka asalimu amri. Ngumi, kuvuta nywele, kukaba koo na kutia vidole machoni ni marufuku. Mapambano mengi huisha kabla mtazamaji hajamaliza kumeza mate.

Nusu anayoikosa ni ukingo. Ulingo wetu tuliuchora kwa kigingi na kamba ya mita mbili na robo na ushee, tukauzungushia viroba vyembamba vilivyojazwa mchanga na kufukiwa nusu ardhini, kwa sababu Wajapani hutumia marobota ya majani ya mpunga nasi hatuna mpunga hapa karibu. Nje ya viroba tulimwaga mchanga uliochekechwa, tukaufagia kwa ufagio wa nyasi hadi ukalala laini kama unga. Hilo pia tumeliiga Japani, ambako ukanda huo wa mchanga hufagiliwa ili kisigino kikitoka nje alama ibaki na mwamuzi asibishiwe. Siku ya kwanza kijana wangu mmoja, hodari wa ekigwo kuliko wote, alimnyanyua mwenzake, akamzungusha na kumbwaga chini, kisha akainua mikono juu. Nilimwita tukainama pamoja pale ukingoni. Kwenye mchanga palikuwa na alama moja ya kisigino chake cha kushoto, ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, aliyoiacha alipokuwa akimnyanyua mwenzake. Alikuwa ameshashindwa kabla ya kumwangusha. Alibaki akiitazama alama ile kwa muda mrefu, na mimi nikaamua palepale kwamba hakuna kijana wangu atakayepanda ndege kabla mguu wake haujajifunza kuuhisi ukingo bila macho kuutazama.

Sumo ya kulipwa si sehemu ya chaguo hili

Lazima nilitaje hili kwa urefu kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanapozungumzia sumo huwa na picha ya Japani kichwani, na picha hiyo huwapotosha. Sumo ya kulipwa ina mashindano makuu sita kwa mwaka, ya siku 15 kila moja, na yote hufanyika Japani. Anayetaka kuingia hutakiwa kwa kawaida asiwe amezidi umri wa miaka 23, na kila kambi ya mafunzo inaruhusiwa kuwa na mgeni mmoja tu, hivyo nafasi zote za wageni duniani ni chache kuliko viti vya basi moja. Hakuna madaraja ya uzito: mtu wa kilo 110 hupangiwa wa kilo 180 na pambano huendelea. Wanawake hawaruhusiwi kabisa, hata kukanyaga ulingo. Mwezi Aprili 2018, mjini Maizuru, meya alianguka ulingoni akihutubia, wanawake wakakimbilia kumpa huduma ya kwanza, na tangazo likatolewa kuwataka watoke. Mkuu wa chama cha sumo aliomba radhi baadaye.

Hata hivyo, njia ya kwenda huko imepitia sumo ya ridhaa mara nyingi, na mmoja wa walioipita ni wa bara letu. Abdelrahman Shaalan wa Misri alianza kama mchezaji wa ridhaa nchini kwao, akajiunga na sumo ya kulipwa mwaka 2012 kwa jina la Osunaarashi, na Novemba 2013 akawa mtu wa kwanza kutoka Afrika kufika daraja la juu kabisa. Vijana wangu Waislamu hupenda zaidi habari nyingine juu yake, kwamba mashindano ya Julai 2013 aliyapigana akiwa amefunga Ramadhani. Aliondoka katika mchezo mwaka 2018. Wa karibuni zaidi ni kijana wa Ukraine anayeitwa Aonishiki, ambaye mwaka 2019 alishiriki mashindano ya dunia ya vijana huko Osaka, na mwaka 2025 akapanda daraja la juu na kutwaa kombe la Novemba. Basi kijana wa miaka 17 mwenye ndoto ya Japani asiisake kambi ya Japani kwenye mtandao, bali ayasake mashindano ya ridhaa ya vijana. Aliyefikisha miaka 26 aiache ndoto hiyo kwa amani, kwa kuwa ridhaa inaweza kumpa miaka mingi zaidi ulingoni kuliko ambayo Japani ingempa.

Ubingwa wa Dunia

Shirikisho la Kimataifa la Sumo liliundwa mwaka 1992, na mwaka huohuo Ubingwa wa Dunia ukafanyika kwa mara ya kwanza mjini Tokyo. Kwa miaka ya mwanzo mashindano hayo hayakutoka Japani, hadi mwaka 1999 yalipokwenda Riesa, Ujerumani. Tangu hapo yamezunguka: Rakvere nchini Estonia mwaka 2008, Warsaw 2010, Hong Kong 2012, Kaohsiung 2014, Ulaanbaatar 2016, Taoyuan 2018, na baada ya janga la korona, Tokyo mwaka 2023 na Krotoszyn nchini Poland mwaka 2024. Wanawake walianza kuwa na ubingwa wao mwaka 2001.

Uzuri wake hauna ubishi. Wapinzani ni bora duniani, madaraja ya uzito yanaheshimiwa, na kuna shindano la timu ambalo mimi naliona kuwa zawadi kwa nchi ndogo, kwa kuwa timu huhitaji watu watatu tu ulingoni, mmoja mwepesi, mmoja wa kati na mmoja mzito. Estonia, iliyoandaa mashindano ya 2008, ina watu wapatao milioni 1.3, idadi ambayo Kampala peke yake inaipita. Lakini mkoa huohuo wa Rakvere ndio uliomlea Kaido Höövelson, mcheza judo aliyekwenda Japani akaitwa Baruto na kutwaa kombe la Januari 2012. Nchi haikosi mwanasumo kwa uchache wa watu wake.

Matatizo ni mawili, na yote mawili yanatuhusu moja kwa moja. La kwanza ni mlango. Mchezaji haingii Ubingwa wa Dunia kwa jina lake mwenyewe, bali huingizwa na chama cha taifa lake kilichojiunga na Shirikisho. Kwetu Uganda chama kinachotaka kubeba jina la nchi hupitia Baraza la Taifa la Michezo, na tangu Sheria ya Taifa ya Michezo ya mwaka 2023 taratibu za usajili zimekazwa. Mimi sioni ubaya katika hilo, kwa sababu nimewahi kuona vijana wakichangishwa fedha na watu waliojiita viongozi wa chama ambacho hakikuwa na hata daftari la wanachama. Lakini maana yake ni kwamba kocha anayelenga Ubingwa wa Dunia analenga pia vikao, katiba, kumbukumbu za fedha na uchaguzi wa viongozi, na hayo yote huchukua miaka.

Tatizo la pili ni mtoano. Mgeni anaweza kupangwa mapambano yake ya kwanza kabisa dhidi ya Mmongolia aliyepiga mieleka ya kwao tangu hajaota meno ya pili, au Mjapani aliyelelewa katika klabu ya chuo kikuu. Akishindwa mapema, huenda safari yake ikawa imeishia hapo. Kwa kipimo changu, ni nauli ya bara zima kwa pambano moja au mawili. Ndiyo maana Ubingwa wa Dunia nauweka hatua ya tatu, wakati mchezaji ameshapigana mamia ya mapambano kwingine na pambano moja dhidi ya bora duniani linaweza kumfundisha kitu badala ya kumvunja moyo.

Michezo mikubwa ya pamoja naipitia haraka. Sumo imeshirikishwa katika Michezo ya Dunia, ile inayokusanya michezo isiyo ya Olimpiki, huko Duisburg mwaka 2005, Kaohsiung 2009, Cali 2013, Wrocław 2017 na Birmingham ya Alabama mwaka 2022, na pia katika Michezo ya Dunia ya Mapigano huko Riyadh mwaka 2023. Nafasi ni chache, hutolewa kwa waliokwisha kujithibitisha, na husubiriwa kwa miaka. Huwezi kuichagua, yenyewe ndiyo inayokuchagua. Ubingwa wa Ulaya nao ni wa mataifa ya Ulaya, kwa hiyo haumo katika hesabu yetu.

Mashindano ya wazi ya Marekani

Tangu mwaka 2001 jimbo la California limekuwa na mashindano ya kila mwaka yaitwayo US Sumo Open, na kwa mtu asiye na chama cha taifa nyuma yake hayo ndiyo mbadala mkubwa wa Ubingwa wa Dunia. Neno la wazi lina maana mbili hapa. Maana ya kwanza ni kwamba mchezaji hujiandikisha mwenyewe, awe wa nchi yoyote, na huingia kwa jina lake. Maana ya pili ni kwamba, mbali na madaraja ya uzito, kuna shindano la uzani huria ambamo mwepesi anaweza kukutana na mzito, hivyo mchezaji mmoja hupata nafasi ya kuingia ulingoni katika mashindano mawili kwa safari moja. Bingwa aliyetawala hapo kwa miaka mingi alikuwa Byambajav Ulambayar wa Mongolia, aliyewahi pia kuwa bingwa wa dunia, kwa hiyo asidhani mtu kwamba milango ikiwa wazi basi kazi ni nyepesi.

Wapo wanaoyadharau mashindano haya kwa sababu watazamaji hukata tiketi na kuna shamrashamra za ukumbini. Sikubaliani nao. Kijana aliyezoea kupigana mbele ya wenzake 20 na mbuzi wawili anahitaji kujua moyo wake hufanya nini mbele ya ukumbi uliojaa, na ni bora alijue hilo kabla hajavaa bendera ya nchi.

Mzigo uko kwenye safari. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Los Angeles, na nauli ya kwenda na kurudi kwa misimu mingi hukaribia bei ya bodaboda mpya. Viza ndiyo inayotisha zaidi. Barua ya mwaliko haimlazimishi mtu kukupa viza. Afisa hutaka kuona kwamba una sababu ya kurudi nyumbani, na kijana asiye na ajira ya maandishi, asiye na ardhi kwa jina lake wala akaunti ya benki inayotembea, huonekana kama mtu asiyerudi. Mwanafunzi wangu mmoja alinyimwa viza katika ubalozi mmoja kwa dakika chache za mahojiano, na ada aliyolipa haikurudi. Tangu siku hiyo siruhusu mtu anunue tiketi kabla ya viza, wala siruhusu familia ichangishane kabla kijana hajakaa na nyaraka zake mezani: pasipoti yenye muda wa kutosha, kadi ya homa ya manjano, barua ya kazi au ya chuo, na rekodi ya mashindano aliyokwisha kupigana. Hiyo ya mwisho husahaulika, ilhali ndiyo inayomtenganisha mwanamichezo na mtalii.

Kati ya mashindano haya na Ubingwa wa Dunia, kwa mtu mmoja asiye na chama, mimi nayachagua ya wazi bila kusita. Kwa kikundi cha watu watatu ambao chama chao kimekwisha sajiliwa na kukubaliwa na Shirikisho, hesabu hugeuka, kwa kuwa shindano la timu huwahakikishia wote watatu kuingia ulingoni.

Judo na mieleka ya Olimpiki kando ya sumo

Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto asipelekwe kwenye mchezo wenye medali zinazojulikana. Sumo haimo katika Olimpiki, ingawa Shirikisho lake linatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Judo imo, na imo pia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026, wakati mieleka haimo katika orodha fupi ya michezo ya Glasgow. Kwa kijana wa miaka 14 mwenye kilo 60, mwenye klabu ya judo karibu na nyumbani, ninamshauri mzazi achague judo na sumo iwe mazoezi ya ziada, kwa kuwa atakayoyapata huko, yaani kuhamisha uzito, kuvunja mizani ya mpinzani na kuanguka bila kuumia, atakuja nayo kwenye duara akitaka. Baruto alitoka judo. Wanawake kadhaa wa Ulaya waliofika mbali katika sumo nao walianza judo.

Mambo hubadilika kwa mtu mzito sana. Mieleka ya Olimpiki hukomea kilo 125 katika mtindo huru na 130 katika ule wa Kigiriki na Kirumi, na anayezidi hapo hana pa kuingia. Kaloyan Mahlyanov wa Bulgaria alikuwa mwanamieleka mzuri wa vijana hadi mwili wake ulipokaribia kulishinda daraja la juu. Alihamia sumo, akaitwa Kotooshu, na Mei 2008 akawa Mwulaya wa kwanza kutwaa kombe la mfalme wa Japani. Katika sumo ya ridhaa daraja la juu huanzia pale kilo 115 zinapopita na halina dari. Emanuel Yarbrough wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzani huria mwaka 1995, alikuwa na zaidi ya kilo 250.

Gharama za vifaa nazo ziingie kwenye mizani. Judo hutaka sare ya kitambaa kizito na mikeka ya ukumbini. Sumo hutaka mkanda mmoja wa pamba na ardhi. Mikanda yetu tumeitengeneza kwa kitambaa cha pamba kiitwacho marekani kilichokunjwa mara nne, kigumu kiasi kwamba siku za mwanzo kiliwachubua vijana nyongani, na kila mkanda una urefu wa mita kadhaa, kwa hiyo mtu hawezi kuuvaa peke yake. Mmoja hushika ncha, mwingine huzunguka kama anayeviringisha jamvi, kisha wa tatu huvuta fundo kwa goti. Nimegundua kwamba dakika hizo tano za kuvishana zimewaunganisha vijana wa makabila matano kuliko hotuba zangu zote.

Uzito, wanawake na mavazi

Mama mmoja alinijia akiwa na mwanawe wa kilo 81 na kuniuliza: "Mwalimu, nimpikie matooke mara ngapi kwa siku ili afae?" Nilimjibu kwamba anafaa alivyo. Hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu nimesikia vijana wanaojilisha kwa nguvu na kunywa vitu vya kunenepesha bila kujua vina nini. Daraja jepesi la wanaume hufikia kilo 85, lipo la kati linalofikia kilo 115, na miaka ya karibuni limeongezwa la hadi kilo 100 kati yao. Daraja jepesi la wanawake limekuwa la hadi kilo 65. Vijana wengi wa Uganda wanaofanya kazi za mikono wamo tayari ndani ya daraja jepesi, na humo ndimo kasi na mbinu zetu za ekigwo zinapolipa. Mtu wa kilo 88 nitamshauri ashuke hadi 85 kwa chakula cha kawaida na mbio za asubuhi. Mtu wa kilo 104 simshauri anenepe afike 115. Apigane alivyo, nguvu zitakuja na miaka. Kunenepa kwa haraka huumiza magoti, moyo na sukari ya mwili, na hakuna medali ya ridhaa inayolipia dawa za kisukari.

Kwa wanawake ulinganisho ni mwepesi kuufanya, kwa kuwa sumo ya ridhaa ndiyo pekee iliyopo. Tena madaraja ya wanawake ndiyo ninayoyaona kuwa na nafasi nzuri zaidi kwetu, kwa maana nchi nyingi bado hupeleka wanawake wachache kuliko wanaume, na msichana aliyelelewa kubeba maji na kulima ana kiuno ambacho msichana wa mjini hulazimika kukijenga kwa miaka. Kizuizi kikubwa nyumbani ni mavazi. Wazee wa hapa Bombo waliniita, wakaniuliza kwa heshima lakini kwa uzito, kama mabinti wataonekana uchi mbele ya watu. Niliwaeleza kwamba katika sumo ya ridhaa mwanamke huvaa mkanda juu ya vazi la kubana linalofunika kiwiliwili, na kwamba hata wanaume wanaruhusiwa kuvaa kaptula ya kubana chini ya mkanda. Kwetu tumeongeza fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana hadi kifundo cha mguu. Hajati mmoja alikuja kujionea mwenyewe, akakaa tangu mwanzo hadi mwisho, na juma lililofuata alimleta mjukuu wake.

Anayekusudia kwenda nje, lakini, ajue kwamba mashindano mengi nje ya Japani hayachezwi juu ya udongo. Huchezwa juu ya ulingo wa kubebeka wa mkeka, wenye ukingo ulioshonwa kama mto mrefu, na mguu uliozoea changarawe ya Bombo huteleza hapo au hunasa. Tuliazima godoro gumu na turubai tukawazoeza vijana kwa majuma matatu. Haikuwa sawasawa na ulingo halisi, lakini ilitosha kuwaonyesha kwamba kwenye mkeka kidole gumba cha mguu hakipati pa kujichimbia.

Hesabu ya nyumbani

Sasa nirudi kwenye kipimo changu. Jumamosi moja tulikuwa na vijana 16, na tukaamua kila mmoja apigane na kila mwenzake. Hayo ni mapambano 120, na kila kijana alipata 15. Tulianza baada ya adhuhuri, tukamaliza kabla ya magharibi, na gharama yote ilikuwa madumu manne ya maji, chapati na sabuni ya kufulia mikanda. Mchezaji anayekwenda Ubingwa wa Dunia na kutolewa mapema hupata pambano moja au mawili kwa nauli yake. Hata anayefanya vizuri Marekani hawezi kuyafikia yale 15 kwa ubora wa gharama.

Najua jibu la wanaopinga, kwamba mapambano ya nyumbani ni dhidi ya watu walewale, wenye mbinu zilezile. Ni kweli, na ndiyo maana ulingo wa nyumbani peke yake hautoshi. Dawa yake ya kwanza iko karibu kuliko Los Angeles. Waalikwe wanajudo wa Kampala, waalikwe wapiganaji wa tope wa Mukono, waalikwe mabingwa wa ekigwo wa vijijini, kila mmoja aje na ujuzi wake na afuate sheria ya duara. Mwaka mmoja wa namna hiyo utamkutanisha kijana na aina nyingi za miili na akili kuliko safari moja ya ng'ambo, na utamwachia ile rekodi ya mashindano ambayo nimesema afisa wa viza ataitaka.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana mwepesi aliye chini ya miaka 20, nitamwambia abaki kwenye ulingo wa nyumbani mwaka mzima, aongeze judo kama ipo karibu, na aelekeze macho kwenye mashindano ya dunia ya vijana endapo chama cha taifa kitakuwa tayari. Mtu mzima mwenye kazi na nyaraka zilizokamilika, aliyekwisha kushinda nyumbani na kwa wageni, aende kwenye mashindano ya wazi ya Marekani. Mzito wa zaidi ya kilo 115 asingoje mwaka mzima, kwa kuwa nyumbani hatapata wa kiasi chake na atazoea kushinda kwa uzito tu. Huyo atafutiwe wapinzani wa nje mapema. Makocha wenye wachezaji wa madaraja matatu yaliyokamilika waanze sasa kazi ya makaratasi ya chama, kwa sababu hiyo ndiyo itakayochelewesha Ubingwa wa Dunia kuliko mazoezi.

Kwangu mimi wapo wawili wanaokaribia hatua ya pili, ya mashindano ya wazi: binti wa kilo 64, ambaye miezi minne sasa hajaacha alama hata moja nje ya viroba kabla ya mpinzani wake, na kijana wa kilo 97, yuleyule wa kisigino cha kushoto. Pasipoti za wote wawili zimekwisha toka. Jumamosi tunapima uzito saa mbili asubuhi kwenye mizani ya kinu cha mahindi, kabla wenye magunia hawajapanga foleni.